Taa ya Bafu Ianzie Njiani

Vitabu vya ujenzi hushauri bafu liwe na taa mbili: moja darini, nyingine kando ya kioo ili anayenyoa ndevu asijikate. Ushauri mzuri, kwa mwenye dari na kioo. Vijijini Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, bafu mara nyingi liko nyuma ya nyumba, jirani na choo: nguzo nne, kuta za mbao au turubai, na mawe chini ili maji yasituame. Nyaya za SNEL, shirika la umeme la taifa, hazifiki huko. Na kwa kuwa ikweta iko karibu, jua huzama kwenye saa kumi na mbili jioni mwaka mzima.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza balbu ina wati ngapi, uliza nani atamwona nani. Taa ya sola ikining'inizwa nyuma ya anayeoga, kivuli chake huchoreka kwenye turubai kuanzia kichwa hadi goti, na jirani aliyeketi uani hupata sinema asiyoilipia. Mama mwenye akili zake ataizima aoge gizani. Dawa ni kuipandisha taa juu kabisa ya kichwa, imulike chini, kivuli kiangukie sakafuni. Pasipo na pa kuipandisha, ikae upande wa uani ili kivuli kielekee migombani.

Taa ya pili, ambayo mimi ningeinunua kwanza, ni ya nje. Viwango vya Sphere, vinavyofuatwa na mashirika ya misaada kambini, vinataka choo kimoja kwa watu 20, kisichozidi mita 50 kutoka makazi. Mchana mita 50 si kitu. Usiku, katika wilaya ambazo wenye bunduki ni wengi kuliko wenye sare, ni safari.

Mahitaji yenyewe ni madogo. Balbu ya LED ya wati 3, volti 12, ikiwaka kwa muda wa saa nne hula wati-saa 12 tu. Paneli ya wati 20 huimudu, hata Walikale ambako mawingu na miti huipunja jua. Mwanga wa manjano huvuta wadudu wachache kuliko mweupe. Waya wa jenereta wenye volti 220 usiingie bafuni kamwe, hata fundi akiapa.

Asiye na paneli hubaki na simu, ambayo baadhi ya madini yake hutoka hapa hapa. Kasiterite ya Bisie, Walikale, hutoa bati la kulehemu vifaa vya elektroniki, na koltani ya Rubaya, Masisi, huingia kwenye simu. Kisha simu hiyo hurudi kijijini, na tochi yake ndiyo taa ya bafu, chaji ikiwepo.

Ukiwa na fedha za taa moja tu, ifunge nje, juu ya mlango wa bafu, imulike njia. Chenji inunue komeo la ndani.