Samasoti moja, miruko mitatu: Kwa nini jina sahihi huokoa shingo

Mwalimu anapomwambia mwanafunzi wa Kainuk apige samasoti, mwanafunzi huyo anaweza kufanya moja kati ya mambo matatu, na mawili kati ya hayo ni hatari kwa asiyefunzwa.

Kainuk iko kusini mwa Kaunti ya Turkana, mpakani na Pokot Magharibi, kwenye barabara ya kutoka Kitale kwenda Lodwar. Ni mahali ambapo Mturkana na Mpokot wakikutana, Kiswahili huwaunganisha. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, unajumuisha jimnastiki, hivyo maneno ya mchezo huo si ya wanasarakasi wa mijini pekee.

Jambo la kwanza ni kubingirika: mtoto huchutama, huinamisha kidevu na kuviringika kwa mgongo. Ndilo zoezi la mwanzo. La pili ni kupinduka hewani bila kugusa chini. Yote mawili huitwa samasoti, neno lililotoholewa kutoka Kiingereza, au kichwangomba, ambalo ni la Kiswahili chenyewe.

La tatu halina jina moja lililoenea. Waingereza huliita kwa neno linalounganisha mkono na mfyatuko wa springi. Kwa Kiswahili laweza kuelezwa kuwa mruko wa mikono.

Katika mruko huo, mchezaji hukimbia hatua chache, hupiga hatua ndefu na kuweka viganja chini, mikono ikiwa imenyooka. Mguu wa nyuma hurushwa juu, wa mbele ukisukuma ardhi. Mabega ndiyo hufyatua mwili, naye hutua kwa miguu, magoti yakilegea kidogo.

Siri iko kwenye viwiko. Vikikunjwa, mfyatuko hupotea na uzito wote huangukia kichwa na shingo. Ndiyo maana wakufunzi huanza na kusimama kwa mikono ukutani, kisha daraja, kabla ya kuruhusu mbio.

Tofauti hii huonekana wazi katika mashindano. Mwaka 1999 Yelena Produnova wa Urusi alifanya mruko uliopewa jina lake: mikono husukuma meza ya kurukia, kisha mwili hupinduka hewani mara mbili. Dipa Karmakar wa India aliurudia katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016 na kumaliza wa nne. Humo mna mruko wa mikono mmoja na samasoti mbili. Anayeyachanganya majina hawezi kueleza alichokifanya.

Kenya si ngeni katika fani hii. Sarakasi Trust, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2001, imefunza vijana wengi. Nayo Afrika ilipata dhahabu ya Olimpiki ya jimnastiki jijini Paris mwaka 2024, kupitia Kaylia Nemour wa Algeria.

Hata hivyo, aliye Kainuk hana ukumbi wa magodoro. Mchanga wa mto mkavu hupunguza kishindo, lakini huzamisha viganja na kumnyima mchezaji msukumo. Nayo hospitali ya rufaa ya Lodwar iko zaidi ya kilomita 100 kaskazini.

Kwa hiyo, mwalimu asiye na neno moja na atumie sentensi nzima: mikono inyooke, kichwa kisiguse chini, miguu itue. Hiyo ni ndefu kuliko samasoti, lakini haimwachi mtoto akibahatisha.