Asali ya kuachia nyuki mbele ya mvua kubwa

Wandugu wanachama, mwezi wa kumi na wa kumi na moja hapa Haut-Katanga tunavuna asali ya maua ya muputu. Bidoni zinajaa, kila mtu anafurahi. Kisha mwezi wa pili unafungua mzinga, unakuta hamna kitu. Watu wanasema ni uchawi, ao ni wizi. Mara nyingi ni njaa tu.

Mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza mvua inanyesha siku nyingi mfululizo. Nyuki hawatoki, na hata wakitoka maua ni machache. Wanakula akiba. Sasa kama wewe ulikata masega yote, watakula nini? Nyuki wetu wa Afrika hangoji kufa ndani: malkia anapunguza kutaga, halafu kundi lote linahama.

Kwa mzinga wa fito, mimi nashauri kuacha masega manne ya asali iliyofunikwa na nta, yale ya karibu na watoto. Sega la watoto usiliguse kabisa, hata kama pembeni lina asali kidogo. Najua bei ya asali inavuta mkono. Lakini mzinga mtupu, kuupatia kundi jipya, unaweza kungoja msimu mzima.

Masega makavu ambayo nyuki hawayafuniki, toa, yeyusha nta. Ukiyaacha, nondo atataga humo. Inamisha mzinga kidogo upande wa mlango ili maji yatoke, angalia kama manjanja ya juu hayavuji. Kata majani chini yake. Siafu wanapenda wakati huu wa mvua. Majivu hayatoshi kwani mvua inayaosha, basi weka miguu ya mzinga ndani ya makopo yenye mafuta ya moteri yaliyotumika.

Kundi likiwa zaifu, changanya kilo moja ya sukari na litre moja ya maji ya moto, iache ipoe. Weka ndani ya mzinga magaribi, na vijiti juu ili nyuki wasizame. Usiweke inje, nyuki wa mizinga mingine watakuja kuiba na vita itaanza.

Mutondo ukianza kutoa maua, mwezi wa pili ao wa tatu, simamisha sukari mara moja, isiingie katika asali tutakayouza.