Vetiva, mchaichai au pasipalamu: ipi inafaa parseli ya Katuba, Lubumbashi?

Bei ya nyasi haiishi siku unapomlipa muuza maua. Lubumbashi mvua hushika mwezi wa 11 na kuachia kati ya mwezi wa 3 na wa 4. Toka mwezi wa 5 hadi wa 9 hakuna mvua ya kutegemea, na nyasi itaishi kwa mizizi yake au kwa bidoni zinazobebwa na mama na watoto. Ndiyo maana hapa tunapima mambo matatu: miche inayohitajika, maji ya kiangazi, na kazi ambayo nyasi itaifanya nyumbani.

Pasipalamu

Ndiyo inayopendwa mbele ya nyumba, kwa sababu hutandaa, watoto huchezea juu yake na vumbi hutulia. Ila ikitakiwa ibaki kijani kiangazi chote, hesabu walau lita 4 kwa mita moja ya mraba kila siku. Uwanja mdogo wa mita 20 za mraba utakunywa lita 80, yaani bidoni 4 za lita 20. Kwa mwezi ni bidoni 120. Kwa miezi mitano, 600. Zidisha kwa bei ya bidoni kwenye kisima cha mtaani kwenu, ndipo utajua umenunua nini. Usipoimwagilia haifi, hukauka juu na kuamka na mvua. Lakini hapo utakuwa na uwanja wa kahawia karibu nusu ya mwaka, na kazi ya kuukata wakati wa mvua haipungui.

Mchaichai

Huu huota kwa kichaka, na kichaka kimoja kikipewa nafasi ya sentimita 60 hujaa vizuri. Mstari wa mita 10 unataka vichaka kama 17, na mara nyingi jirani atakugawia vya kuanzia bila franga hata moja. Majani yake ni chai ya nyumbani, na fungu linaweza kuuzwa. Kiangazi ncha hukauka, lakini maji yaliyooshea mboga yanatosha kuutunza.

Muuzaji akikuambia kwamba ukiupanda mlangoni mbu hawataingia, usilipe zaidi kwa ajili hiyo. Mafuta yanayofukuza mbu hutolewa kwenye nyasi za jamii hii na kupakwa mwilini. Kichaka kilichosimama uani hakichukui nafasi ya chandarua.

Vetiva

Kwa macho ya haraka inafanana na mchaichai, ila majani yake hayanukii ukiyasugua. Nguvu yake iko chini. Katika udongo mzuri mizizi hushuka wima hadi mita 3, na hiyo ndiyo sababu inavuka kiangazi bila kubembelezwa. Majani hufika mita 1.5, hukaa kwa kichaka na hayatambai kwenda kwa jirani. Aina inayopandwa kwa kawaida haitoi mbegu zinazoota, kwa hiyo haigeuki kuwa magugu.

Kazi yake kubwa ni maji ya mvua. Ikipandwa mstari mnene kukingama na mteremko, hupunguza mbio za maji na kushika udongo ambao ungechimbwa kuwa korongo. Wanaoishi kwenye parseli zinazoingiliwa na maji ya barabarani wanajua thamani ya hilo. Ukuta wa saruji nao huzuia, lakini maji yakiuchimba chini huanguka, na gharama huanza upya.

Tatizo ni wingi wa miche. Kwa nafasi ya sentimita 10 hadi 15, mita 10 zinataka miche 67 hadi 100. Usinunue yote. Nunua vichaka 10 vilivyokomaa, vipasue, kila mche ubaki na machipukizi 2 au 3, kata majani yabaki sentimita 20, kisha panda. Kichaka kikubwa hutoa miche 10 au zaidi, kwa hiyo vichaka hivyo 10 vinaweza kumaliza mstari mzima. Kabla ya kulipa, hesabu machipukizi na ugawe bei kwa idadi ya miche. Kichaka kirefu chenye machipukizi machache ni ghali hata kikitajwa kwa bei ndogo. Na usiiweke chini ya mwembe, kwa sababu kivuli huidhoofisha.

Na udongo wenyewe?

Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi kilianza mwaka 1911, na vumbi lake limeua majani katika sehemu kadhaa za mji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao walijaribu nyasi za kienyeji kwenye udongo uliotiwa shaba, wakaongeza mboji au chokaa. Matokeo waliyoyatoa mwaka 2010 yalionyesha kwamba nyasi fupi ya vichaka iitwayo Rendlia altera ndiyo iliyostahimili vizuri zaidi. Tunajifunza hili: pale ambapo hata magugu hayaoti, nunua mboji na chokaa kabla ya nyasi, na usivune hapo chai ya kunywa. Mchaichai upandwe kwenye udongo safi, na majani yaoshwe vumbi kabla ya kuchemshwa.

Uchaguzi wetu

Parseli yenye mteremko: vetiva, bila kusita. Ua tambarare na mfuko mdogo: mchaichai ukingoni, na katikati uache udongo uliofagiliwa. Pasipalamu ni kwa mwenye kisima chake, na hata yeye aanze na mita chache karibu na baraza. Kwa zote tatu, nunua mwezi wa 11, mvua zikishashika. Mche wa mwezi huo una miezi minne ya kuzamisha mizizi kwa maji ya bure. Wa mwezi wa 5 utaulipia kila bidoni mpaka mvua irudi.