Galaksi Zinapogongana: Picha, Hofu na Amana



Mara kwa mara hupita katika simu za familia zetu picha ya galaksi mbili zilizoparamiana, zikiburuta mikia ya nuru, na chini yake maneno ya kutisha kwamba Kiyama kimeanzia mbinguni. Mama hushtuka, watoto hukosa usingizi, na picha imeshapelekwa kwa jamaa kumi kabla ya mtu kuuliza imetoka wapi.

Baadhi ya picha hizo hupigwa na watu wa kawaida wapendao nyota, wakiwa nyumbani kwao. Ndugu zetu wa Pwani waliohamia Free Area, Nakuru, wana anga nzuri kwa kazi hiyo, kwani mji ule u karibu na Ikweta, na nyota za kaskazini na za kusini zote huupitia. Mwishoni mwa Aprili, yapata saa nne usiku, kundinyota la Kunguru huwa juu sana. Ndimo zilimo galaksi mbili ziitwazo Antena, ambazo William Herschel aliziandika mwaka 1785.

Macho matupu hayazioni. Mpiga picha huifunga kamera kwenye darubini, juu ya kishikilio chenye mota kinachoifuata nyota polepole. Hupiga picha nyingi za dakika chache chache kwa saa kadhaa, kisha kompyuta huzilaza moja juu ya nyingine, nuru hafifu ikajikusanya. Adui zake ni mawingu ya masika na taa za mji.

Na huko kugongana ni kupi? Tulifanye Jua letu punje ya pilipili manga iliyowekwa Free Area. Basi nyota iliyo jirani yake zaidi ni punje nyingine iliyoko Nairobi. Kwa nafasi hiyo, galaksi hupenyana na nyota zisigusane. Yanayokutana ni mawingu ya gesi, na humo huzaliwa nyota mpya. Mikia ile ni nyota na gesi zilizovutwa na uzito wa galaksi ya pili. Jambo hilo huchukua mamia ya mamilioni ya miaka, na nuru tunayoipiga picha ilitoka huko kabla ya mwanadamu kuwapo. Si habari ya jana usiku.

Wanazuoni wetu walilitazama anga kwa uangalifu. Mnamo mwaka 964 Abdul-Rahman al-Sufi aliitaja galaksi ya Andromeda kuwa ni kijiwingu. Aliandika alichokiona, hakuongeza. Mwezi Novemba, baada ya Isha, familia ya Free Area inaweza kukitafuta kijiwingu hicho upande wa kaskazini, uliko Menengai, mahali pasipo na taa.

Mpiga picha mkweli huweza kuzikoleza rangi, lakini waridi ya gesi na buluu ya nyota changa vimo katika nuru yenyewe. Anayechora jina la Allah katikati ya nyota na kuliita muujiza, huyo amesema uongo, na uongo hauwi ibada kwa kupambwa.

Surat Al-Hujurat imetufunza kuhakikisha habari. Basi, mama mpendwa, picha ikikufikia, uliza: nani aliipiga, lini, na kwa chombo gani? Ukikosa jibu, isimame kwako. Mtoto akitaka kujua zaidi, mtoe nje umwonyeshe mbingu. Ukubwa wa Mola wetu hauhitaji kutiwa chumvi.