Masikio yanayovuma: ni spika ipi inayofaa nyumbani?

Aliyewahi kutumia kwinini kutibu malaria huenda anaukumbuka mlio ule: filimbi nyembamba ndani ya sikio, ambayo hakuna mwingine chumbani anayeisikia.

Kwa kawaida mlio wa kwinini hutoweka dawa inapokwisha. Lakini kwa mamilioni ya watu duniani mlio hauondoki, na swali linalowakabili ni la kila siku: je, waache kabisa muziki na redio, au watafute chombo kisichowaumiza?

Wataalamu wa masikio hawashauri mtu wa namna hiyo akimbilie ukimya.

Mlio wa masikio si ugonjwa wenyewe bali ni dalili. Mara nyingi chanzo chake ni kuharibika kwa seli zenye vinyweleo katika sikio la ndani, ambazo kwa binadamu zikifa hazioti tena. Inadhaniwa kwamba ubongo, ukikosa taarifa kutoka kwa seli hizo, huongeza usikivu wake wenyewe, na hapo huzuka sauti isiyotoka popote. Chumba kinapokuwa kimya kabisa, ndipo inaposikika zaidi.

Wati si sifa ya kwanza

Katika maduka ya vifaa vya umeme, iwe Kariakoo mjini Dar es Salaam au Deira mjini Dubai, muuzaji huanza kwa kutaja wati. Kwa sikio linalovuma, kinachotafutwa ni kinyume chake: chombo kinachoridhisha kikiwa kimefunguliwa kidogo tu.

Hapo maumbile yenyewe huweka kikwazo. Watafiti wa Marekani, Fletcher na Munson, walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio la binadamu husikia besi kwa shida sauti inapokuwa ndogo. Ndiyo maana muziki uliopunguzwa huonekana mkavu, na mkono wa msikilizaji hurudi kuuongeza.

Amplifaya nyingi za zamani zilikuwa na kitufe cha kurekebisha upungufu huo. Baadhi ya vyombo vya sasa hufanya kazi hiyo kwa programu. Spika yenye umbo la wastani, inayotoa besi bila kulazimishwa, humtosheleza mtu katika kiwango ambacho kile kispika cha plastiki kingesikika kama bati. Na kispika hicho kikilazimishwa, sauti huchafuka na kuwa kali, jambo ambalo masikio mengi yenye mlio hayalistahimili.

Njia ya kupima ni rahisi. Mteja auombe wimbo anaoujua vizuri, mathalani taarabu yenye fidla, kisha sauti ipunguzwe hadi watu wawili waweze kuzungumza bila kupaza sauti. Maneno ya mwimbaji yakiendelea kusikika wazi, chombo kinafaa kufikiriwa. Herufi "s" na "sh" zikichoma, kiachwe. Huenda kelele za duka zikamlazimu mteja arudi asubuhi, kabla wanunuzi hawajajaa.

Hedifoni na majirani

Wengi walio ughaibuni huishi katika nyumba za ghorofa, ambako ukuta mmoja hutenganisha familia mbili. Huvaa hedifoni ili wasiudhi majirani, na hapo ndipo penye hatari zaidi.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema mtu mzima anaweza kusikiliza kwa kiwango cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kikifika desibeli 90, muda huo hushuka hadi saa 4. Kipimo hicho huwadanganya wengi, kwani nyongeza ya desibeli 3 tu ni maradufu ya nishati inayoingia sikioni.

Mwaka 2019, WHO pamoja na Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, walitoa viwango vinavyotaka vyombo vimwonye mtumiaji anapopita mipaka. Simu nyingi sasa zina mahali pa kuweka kikomo cha sauti, ingawa hakifai kitu kisipowekwa.

Hedifoni zinazozima kelele za nje husaidia ndani ya basi au ndege, kwa kuwa msikilizaji hahitaji kuongeza sauti. Usiku nyumbani, muziki ukisha, ukimya huohuo huufichua mlio. Wengine hupendelea zile zilizo wazi, zinazoruhusu sauti za nyumba kupenya, hata kama jirani naye atasikia kidogo.

Chumba nacho kina sehemu yake. Vigae na kuta tupu hurudisha sauti kwa ukali. Zulia na pazia zito huituliza, na gharama yake mara nyingi ni ndogo kuliko ya spika mpya.

Kwa usingizi, wengi hushauriwa kuacha sauti ya chinichini, kama ya mvua au feni, isiyoufunika mlio bali inayochanganyika nao.

Hata hivyo, zipo hali ambazo hazingojei chombo chochote: mlio wa sikio moja tu, mlio unaokwenda sambamba na mapigo ya moyo, au usikivu unaopotea ghafla. Hali hiyo ya mwisho ni dharura, na matibabu yake hufaa zaidi yakianza katika siku za mwanzo.