Adhana Iliyogharimu Ushindi: Siku Mbili na Timu ya Sataranji Mjini Meru



Kwetu Pwani, jina la Meru likitajwa fikira hukimbilia miraa ya Nyambene. Likitajwa la Embu, jirani yake, hukimbilia muguka, ambao mwezi wa Mei 2024 uliifanya serikali ya Kaunti ya Mombasa itangaze marufuku, na jambo likaishia mahakamani. Nakiri kwamba hata mimi nilipopanda basi kwenda huko, picha niliyokuwa nayo kichwani ilikuwa ni ya vijana walioegemea ukuta, shavu moja limevimba. Safari yenyewe lakini haikuhusu majani hayo. Iliniita sataranji.

Dada yangu ameolewa Meru, na mumewe anauza nguo mjini. Usiku mmoja shemeji alinipigia simu, sauti imemkauka. Akasema, "Sheikh, mpwa wako ameshindwa mchezo kwa sababu ya adhana. Kama mchezo unamwadhibu mtu kwa adhana, mimi namtoa. Nimeona nikuulize kabla sijamwambia."

Nikamwomba asimwambie kitu mpaka nifike. Mambo ya aina hii hayajibiwi kwa simu. Mufti asiyeiona hali aliyoulizwa hutoa hukumu ya hali nyingine.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mpwa wangu ana miaka 17, na kwa mwaka mzima amekuwa akichezea klabu ndogo ya mjini humo iliyomo katika ligi ya wachezaji wa ridhaa, yaani wasiolipwa. Mechi za ligi hiyo ni za timu. Watu wanne wanakaa safu moja wakiwakabili wanne wa upande wa pili, kila mmoja na ubao wake na saa yake. Anayeshinda hupata pointi moja, wakienda sare kila mmoja hupata nusu. Timu inayofikisha mbili na nusu ndiyo iliyoshinda mechi. Nahodha huwapanga wachezaji wake kwa uwezo, mwenye nguvu zaidi ubao wa kwanza, na rangi za kete hupishana: wa kwanza akicheza na nyeupe, wa pili wa timu hiyo hiyo hucheza na nyeusi. Kwa hiyo mtu anaweza kucheza vizuri kuliko wote na timu yake ikashindwa, au akapoteza mchezo wake kisha akarudi nyumbani akishangilia.

Jumamosi hiyo mechi ilianza saa kumi jioni. Kila mchezaji alikuwa na dakika 90 na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua, na michezo ya namna hiyo huweza kufika saa nne. Wenzake watatu walikuwa wamekwisha maliza: mmoja ameshinda, mmoja ameshindwa, mmoja amekwenda sare. Moja na nusu kwa moja na nusu. Uliobaki ni ubao wake, naye alikuwa amemzidi mpinzani kwa farasi mzima. Ikaingia magharibi. Simu iliyokuwa mfukoni mwa koti lake, ambayo baba yake mwenyewe ndiye aliyemwekea programu ya nyakati za sala, ikaadhini kwa sauti ya juu katika ukumbi uliokuwa kimya kama kaburi.

Mwamuzi alisimamisha saa na kumpa mpinzani ushindi. Mbili na nusu kwa moja na nusu.

Nimezisoma kanuni za Shirikisho la Sataranji Duniani, FIDE, kwa sababu hiyo. Mchezaji haruhusiwi kuwa na simu ukumbini bila idhini ya mwamuzi, na ikidhihirika anayo mwilini, hupoteza mchezo. Sababu inafahamika: siku hizi simu ndogo hucheza sataranji kuliko bingwa wa dunia, na mwenye simu anashukiwa kuibia. Kanuni haijali kama iliyolia ni adhana, wimbo au shangazi anayepiga kusalimia. Mwamuzi hakuwa na kosa. Jambo la kwanza nililomwambia shemeji tulipoketi kwa chai ya maziwa, tukiwa tumejifunika mablanketi kwa baridi ya mlima, lilikuwa hilo. Hakulipenda.

Akaniuliza swali lililokuwa chini ya lile la kwanza. Je, mchezo wenyewe ni halali?

Hapa lazima niseme kwa uangalifu, maana najua baadhi ya wasomaji watalikata gazeti hili na kulipeleka msikitini kubishana. Maulamaa hawakuafikiana juu ya sataranji tangu karne za mwanzo. Imam Malik aliikataza kwa ukali. Imam Shafi'i, ambaye sisi wa Pwani tunafuata madhehebu yake, aliichukia bila kuiharamisha, akaona ni nyepesi kuliko nardi, mchezo wa dado ambao makatazo yake yamekuja katika Hadithi sahihi. Tofauti wanayoitaja wengi ni kwamba dado huendeshwa na bahati na sataranji huendeshwa na fikira. Imam Nawawi akafupisha kauli ya madhehebu: ikimpitishia mtu sala wakati wake, au ikichezwa kwa kuwekeana mali, ni haramu, bila ya hayo ni makuruhu. Imepokewa pia kwamba Said bin Jubayr, katika matabiina, alikuwa akicheza ameugeuzia ubao mgongo.

Zama zetu nazo zina khitilafu zake. Iran iliifungia sataranji baada ya mapinduzi ya 1979, kisha Ayatollah Khomeini akairuhusu mwaka 1988. Januari 2016 habari zilienea kwamba Mufti Mkuu wa Saudia ameiharamisha, kwa kupoteza wakati na kuleta uadui. Desemba 2017 Riyadh ikawa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya mchezo huo huo. Sisemi hayo kwa kejeli. Nayasema ili mzazi ajue kwamba anayemwambia mambo haya yamekwisha amuliwa kwa neno moja, hajasoma.

Wala mchezo huu si mgeni kwetu. Waislamu ndio walioupokea kutoka Uajemi na kuufikisha Ulaya. Anayetamka neno la Kiingereza la kumfunga mfalme anatamka "shah mat" bila kujua, na sisi wenyewe tumelihifadhi neno shaha, jina la kete ile kuu, tukalivika hata mkuu wa washairi. Ile kete ambayo vijana wa Meru huiita askofu, katika ubao wa Waarabu ilikuwa ndovu, al-fil. Baghdad, katika utawala wa Khalifa al-Muktafi mwanzoni mwa karne ya 10, aliibuka Abu Bakr as-Suli, mwanachuoni na mwandishi wa tarikh, ambaye hakuna aliyemweza ubaoni. Aliacha fumbo moja la sataranji ya kale lililokaa zaidi ya miaka 1,000 mpaka bingwa wa Urusi, Yuri Averbakh, akalifumbua katika miaka ya 1980. Mpwa wangu anaujua mpango wa kete za fumbo hilo kwa moyo. Nilipomuuliza jina kamili la as-Suli ni nani, hakulijua, nikamwandikia.

Shemeji alisikiliza yote hayo, kisha akasema neno la mfanyabiashara: "Sawa. Lakini pesa?"

Hilo lilikuwa swali zuri kuliko yote, na ndilo nililolipeleka kwa nahodha siku ya pili. Nahodha ni mwalimu wa shule ya upili, Mmethodisti kama wengi wa Meru, mtu mpole anayevaa sweta mbili. Nilimuuliza ada ya ligi inakwenda wapi. Akanieleza: hulipia ukumbi, mwamuzi na karatasi, na mshindi wa ligi hupewa kikombe. Hakuna fedha inayorudi kwa mchezaji. Nilimwambia waziwazi kwamba lau ada za timu zingekusanywa na kugeuzwa zawadi ya mshindi, ningemchukua kijana wangu siku hiyo hiyo, maana huko ni kuwekeana mali. Akaitikia kwa kichwa, akaandika katika daftari lake. Sikutarajia aandike.

Kisha nikamweleza habari ya sala. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba ndefu, hoja zimepangwa kama kete. Sikupata nafasi ya kuzitumia. "Mchezaji wangu wa ubao wa nne ni Msabato," alisema. "Jumamosi simpangi kabisa, mpaka jua litue. Huyu wako anahitaji dakika ngapi?"

"Kumi, pamoja na udhu."

"Mbona hakuniambia?"

Swali hilo nilikwenda nalo nyumbani. Mpwa wangu alikuwa ameona haya. Yeye ndiye Mwislamu pekee katika timu, na alichelea kuonekana mtu wa masharti. Kwa mwaka mzima, kila mechi ilipovuka magharibi, alikuwa akicheza haraka haraka amalize awahi, au, na hili alinieleza machozi yakimlengalenga, akiikosa na kuilipa kadha usiku. Baba yake hakulijua hilo. Simu ile ilipoadhini, ilifichua zaidi ya kosa la kanuni.

Sikumkaripia. Nilimfundisha fiqhi yake tu, kwa sababu nusu ya shida ilikuwa ni kutojua. Adhuhuri wakati wake ni mpana, na mechi ya asubuhi haiugusi. Alasiri huisali kabla ya kuketi ikiwa mechi ni ya saa kumi, au baada, ikiwa ilianza mapema. Inayombana ni magharibi peke yake, na ni kwa mechi za nyumbani tu. Timu inapokwenda Nairobi, safari ya zaidi ya kilomita 200, yeye ni msafiri, na ana ruhusa ya kuichelewesha magharibi aiunganishe na isha. Alicheka aliposikia kwamba ugenini ni kwepesi kuliko nyumbani. "Mjomba, kwenye ligi huwa ni kinyume."

Kanuni nazo zina mlango. Mwenye zamu ya kucheza haruhusiwi kuondoka eneo la mchezo bila idhini, na hakuna mchezaji anayeruhusiwa kutoka nje ya mahali pa mashindano pasipo ruhusa. Lakini mwamuzi ana uwezo wa kutenga mahali pengine pawe sehemu ya ukumbi. Chumba cha kusalia, kikitengwa kabla ya mechi, ni halali kama mahali pa kunywea maji. Kinachotakiwa ni kuomba mapema. Saa haisimami, dakika zinazotumika ni zake mwenyewe. Nilimuuliza kama yuko tayari kuzitoa. Akafikiri kama anavyofikiri ubaoni, macho chini, kisha akasema yuko tayari, ila atalazimika kucheza hatua za mwanzo upesi zaidi.

Shemeji aliridhia mechi moja. "Nione mwenyewe," alisema. Alifunga duka mapema Jumamosi iliyofuata, jambo ambalo dada yangu anasema halijapata kutokea isipokuwa kwa mazishi.

Tukaketi nyuma ya ukumbi wa shule, juu ya madawati ya watoto, magoti yakitufika kidevuni. Safu mbili za vijana, na kati yao msichana mmoja wa upande wetu aliyecheza ubao wa kwanza bila kuinua uso kwa saa mbili. Hapakuwa na neno. Mimi nimekulia kwenye mabaraza ya dhumna na karata, na najua matusi yanayoruka hapo mpaka mwadhini apite. Kule Meru nilisikia tu saa zikibonyezwa na mvua juu ya mabati. Shemeji alijaribu kuninong'oneza kitu, mwamuzi akamtazama, akanyamaza. Nilistarehe kuliko inavyompasa mtu anayeuita mchezo makuruhu, na hilo nalisajili dhidi ya nafsi yangu.

Simu zote zilikuwa ndani ya boksi la karatasi mezani kwa mwamuzi, zimezimwa. Mimi ndiye niliyekuwa na saa ya mkono. Ulipoingia wakati sikumpa ishara yoyote, kwani huenda ingehesabiwa msaada kutoka nje. Alikuwa amekwisha utazama mwenyewe ukuta wa ukumbi, palipokuwa na saa kubwa. Akasogeza ngome yake, akabonyeza saa, akainuka, akamwendea mwamuzi. Mwamuzi akamwonyesha kidole mlango wa darasa la pembeni.

Mpinzani wake, kijana wa makamo yake, alicheza hatua yake papo hapo, na saa ya mpwa wangu ikaanza kukimbia juu ya kiti kitupu. Alikuwa na dakika 19. Shemeji hakuitazama sala wala mlango. Alikodolea macho ile saa, midomo ikihesabu: 17, 15, 13. Ikabaki 11 kijana alipotoka, mikono ya shati ingali imekunjwa kwa udhu, akaketi, akalitazama lile jeshi lake kwa muda mrefu kuliko alivyokuwa na haki.

Walikwenda sare. Ubao wa kwanza ulishinda, wa tatu ukashindwa, wa nne ukashikwa na mchezaji wa akiba kwa kuwa Msabato hakuwepo, nao ukaisha sare. Mbili kwa mbili. Nahodha akasema kwa daraja waliyomo hiyo ni pointi moja iliyopatikana, wala si moja iliyopotea, na akaanza kukusanya kete katika mfuko wa kitambaa.

Shemeji alikwenda mpaka ule ubao wa pili kabla haujafungwa. Alisimama kidogo, akainyoosha kete moja iliyolala, akamuuliza mwanawe kwa Kimeru kitu nisichokielewa. Mpwa wangu akamjibu kwa Kiswahili, kwa ajili yangu: "Huyo ni ndovu, baba."