Wizi wa Maandishi na Wajibu wa Maktaba

Wizi wa maandishi ni kuyatwaa maneno au mawazo ya mwandishi mwingine na kuyatoa kana kwamba ni yako. Vyuo vya utabibu hulikemea jambo hili vikali, kwa kuwa tabibu aliyezoea kunakili bila kuhakiki aweza kulifikisha kosa hadi kitandani mwa mgonjwa. Katika theolojia wengi huliona dogo, kwani Neno ni la Bwana. Hoja hiyo ina ukweli kiasi. Augustino aliruhusu mhubiri asiyeweza kutunga ahubiri yaliyotungwa na mwingine, naye Luther aliandika Postila zake ili ziwafae wachungaji. Lakini tasnifu si mahubiri: mtahiniwa hutunukiwa shahada kwa kazi anayodai kuwa ni yake.

Tukitazame kisa cha Martin Luther King. Mwaka 1955 Chuo Kikuu cha Boston kilimpa udaktari kwa tasnifu juu ya dhana ya Mungu katika fikra za Paul Tillich na Henry Nelson Wieman. Mwaka 1990 ulimwengu ulipata habari kwamba wahariri wa nyaraka zake wamekuta humo mafungu yaliyonakiliwa bila kutajwa ipasavyo, mengine kutoka tasnifu ya Jack Boozer, iliyokubaliwa chuoni hapo hapo mwaka 1952. Profesa DeWolf, msimamizi wa King, alikuwa ameisoma na ile ya Boozer! Mwaka 1991 kamati ya chuo ilishauri shahada isifutwe, bali barua ya kueleza kasoro hiyo iambatanishwe na nakala iliyomo maktabani.

Lenye mafundisho zaidi, kwa maoni yangu, ni asili ya kosa. Wahariri walilifuatilia hadi kwenye kadi za King za kusomea: alinakili sentensi za vitabu bila alama za kunukuu, kisha kadi zikaingia katika tasnifu kama zilivyo.

Kwa hiyo msimamizi anayengoja rasimu ya mwisho amekwisha kuchelewa. Kosa huzaliwa mezani maktabani, na aliye karibu na meza hiyo ni mkutubi. Apewe saa chache katika juma la kwanza la masomo, kabla insha yoyote haijaandikwa, awafundishe wanafunzi kuandika jina la mwandishi, kitabu na ukurasa kwanza, kufungua alama za kunukuu, ndipo wanakili.